Fimbo ya Baba Dirishani

Juzi, nikifagia nyumba ya marehemu baba, fimbo yake iliteleza ukutani ikagonga simiti: ngo. Nikajikuta nimesimama wima, ufagio kifuani, kama msichana wa darasa la saba.

Miaka hiyo ya sabini tulikaa Burumba, karibu na mpaka. Baba alipakia magunia ya saruji kwenye malori. Fimbo ile ilikuwa na chuma mguuni, na tulipoisikia langoni sote tulinyamaza, hata mama, hata kama tulikuwa tunacheka.

Mwalimu wetu, Opio, alikuwa amekimbia kutoka ng'ambo, Uganda, akiwa na shati moja na kitabu kimoja kisicho na jalada. Ilikuwa riwaya ya Kiingereza. Kila Ijumaa alitusomea kidogo, kisha akatueleza kwa Kiswahili: habari za mwanamume shujaa aliyeogopa kuonekana dhaifu, huku wageni wakileta dini na sheria mpya kijijini kwake. Mwalimu alituuliza kwetu mwanamume hujulikana kwa jambo gani. Kaka yangu Wandera, aliyekuwa amerudia darasa hata tukakaa dawati moja, alijibu kwamba anang'olewa meno ya chini na halii. Wengi walikwisha acha mila hiyo. Baba hakuwa mtu wa kuacha. Zamu ya Wandera ilikuwa Desemba.

Jioni hiyo, tukila ugali, sijui ni shetani gani alimpanda Wandera.

"Baba, mwalimu anasema yule mtu wa kitabu hakuwa na nguvu. Alikuwa na woga tu."

Baba akaacha kutafuna. "Mwalimu gani?"

"Yule wa ng'ambo."

"Nitamwona."

Sikulala vizuri wiki nzima. Siku hizo watu waliokimbia waliweza kurudishwa kwao kwa neno moja tu la mtu anayejuana na askari wa kizuizi cha mpakani, na baba alijuana nao wote. Waliorudishwa hatukuwasikia tena.

Ijumaa iliyofuata nikasikia ngo, ngo kwenye kibaraza cha shule. Baba akasimama dirishani, vumbi la saruji nyusini. Mwalimu alimwona. Hakufunga kitabu; akaendelea kusoma. Alikuwa amefika mahali ambapo watoto wa yule shujaa wananyamaza kila akiingia nyumbani. Darasa zima likatugeukia mimi na Wandera. Nikatazama miguu yangu.

"Na yeye alijua?" baba akauliza. "Alijua kwamba wananyamaza?"

"Alijua, mzee. Alidhani ni heshima."

Nilingoja kishindo. Hakikuja. Fimbo ikaondoka polepole, ngo, ngo, hadi barabarani.

Kila asubuhi baada ya hapo niliwahi shule kuangalia kama baiskeli ya mwalimu ipo. Ilikuwepo. Desemba mng'oaji akaja na chuma chake kimefungwa kwa kitambaa. Wandera alikuwa nyuma ya nyumba akitapika kwa hofu. Baba akamkuta mng'oaji langoni.

"Kijana ana homa," akasema.

Mwaka uliofuata pia alikuwa na homa. Na mwaka wa baadaye. Mama alikuwa akijifunika uso kwa leso ili asicheke. Wandera alikuwa na homa hadi akaoa.

Mimi niliamini baba alimwonea mwalimu haya, basi. Ni kwenye matanga ya baba mwezi jana ndipo shangazi alipotuambia kwamba yeye na baba walikuwa na mdogo wao, aliyeng'olewa meno, taya likavimba, akafa. Baba ndiye aliyemshika kichwa aking'olewa. Walipomzika, baba aliambiwa asilie, na hakulia. Kumbe katika nyumba ile yote, siku zote zile, aliyeogopa kuliko sisi sote ndiye aliyeshika fimbo.

Kaburini Wandera alilia mdomo wazi, meno yake yote nje, mbele ya wanaume wenzake. Wazee wakamtazama. Nikatamani baba awepo, awaambie kwamba kijana ana homa.