Nilimzika Mke Wangu Kwenye Blogu za Watu

Mimi nimekosa. Sitazunguka mbuyu. Nimekosa, tena si utotoni, nimekosa nikiwa na mvi kichwani na wajukuu wananiita Guka.

Shida ilinijua jina mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alikufa, nikatolewa shule darasa la tatu, nikaletwa Mathare kwa baba mdogo aliyekuwa kibarua wa reli. Sikusoma zaidi ya hapo. Mshonaji mmoja wa Pumwani, Mwislamu mpole, Mungu amrehemu, aliniacha nifagie nyuzi chini ya cherehani zake. Siku moja mashini ikamkwamia. Nikaifungua, nikaifunga, ikalia vizuri. Toka siku hiyo mimi ni fundi wa cherehani. Nimesomesha watoto kwa bisibisi na mafuta. Sijawahi kumpigia mtu magoti.

Nayasema haya ujue kiburi changu kilitoka wapi. Maana ndicho kilichonizamisha!

Kibanda changu kiko kando ya njia, ukielekea Buruburu. Kazi ilianza kupungua. Watu wananunua mitumba, nani anashona? Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Nakuru, akaniambia, "Baba, hayo unayoyajua yaandike. Nitakufungulia blogu." Akaifungua kwenye simu yangu. Nikawa naandika kama ninavyosema: kwa nini uzi unakatika, kwa nini mshono unaruka, mafuta gani yanaua mashini.

Hakuja mtu. Hata nzi! Nikampigia binti yangu nikamwambia hiki kitu chake ni bure kabisa.

Akacheka. "Baba, umefungua kibanda kichochoroni halafu umejifungia ndani. Toka! Nenda kwenye blogu za wanaoandika habari za ushonaji, usome, uwaachie maoni. Jina lako litakuwa na linki. Mtu akilibonyeza, anafika kwako. Halafu na wewe fuata linki za wale wengine walioacha maoni, uende mpaka kwao, uwasalimie."

"Kumbe ni matanga," nikamwambia.

"Matanga gani tena?"

"Ukienda matanga ya watu, watakuja yako. Usipoenda, utachimba kaburi peke yako."

"Haya, kama umeelewa hivyo, sawa. Lakini uende na maneno ya maana, Baba. Usiandike tu 'kazi nzuri' ukatoroka."

Hiyo ya mwisho sikuisikia. Mimi na kuambiwa! Nikazunguka kila blogu niliyoiona nikiandika, "Kazi nzuri. Karibu kwangu." Wengine walifuta. Bwana mmoja akanijibu mbele za watu wote: "Mzee, hapa si stendi ya kuitia abiria."

Wueh! Mimi, ambaye mafundi wa Umoja wakikwama hunijia kwa adabu! Niliumia. Ningesikia maneno ya binti yangu hapo, leo nisingekuwa nakuandikia.

Nikafuata linki moja, ikanipeleka kwa nyingine, nyingine ikanifikisha kwa mama mmoja wa Buruburu. Nitamwita Mama Tumaini. Alikuwa karani wa kaunsili, akastaafu, sasa anashona nyumbani na kuandika. Siku hiyo alikuwa ameandika juu ya mume wake aliyekufa. Kwamba kila Jumapili baada ya kanisa, marehemu alikuwa anaipaka mashini yake mafuta bila kuambiwa. Sasa mashini inalia kwa ukavu, na yeye hana nguvu ya kumwita fundi, kwa sababu akimwita ni kama amekubali kwamba mzee hatarudi.

Yalikuwa maandishi mazuri. Hata mimi niliyasoma mara mbili.

Chini yake watu walikuwa wamejaa. Mmoja alifiwa na mume, mwingine na mke, mwingine na mama. Kila aliyesema kifo chake alijibiwa, akapewa pole, akaulizwa, "Wewe ni wa wapi? Tutakutembelea." Mimi nilikaa pale kama mtu aliyefika matanga mikono mitupu. Ningesema nini? Kwamba nauza mafuta ya mashini?

Basi vidole vikaandika. Niliandika hivi: "Mama, nakuelewa. Mimi ni fundi wa cherehani. Mke wangu marehemu Rosa alikuwa mshonaji. Mashini yake bado naipaka mafuta, ingawa hakuna anayeikanyaga."

Rosa si jina lake la kweli, hapa nimembadilishia. Kule niliandika la kweli. Na wakati naandika, alikuwa jikoni ananipikia sukuma wiki, anaimba!

Ole wangu!

Sikujua maneno yana mbio hivyo. Kesho yake blogu yangu ilikuwa imejaa watu. Mama Tumaini mwenyewe alikuja, akasoma, akaweka linki yangu katikati ya maandishi yake: "Msomeni mzee huyu, ana moyo." Wateja nao wakaanza kufika kibandani na mashini zao, kutoka Kayole, kutoka Donholm. Wananishika mkono kwa mikono miwili. "Pole, mzee."

Ningeacha hapo. Sikuacha! Nilifuata linki za wale wafiwa wote, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja nikaacha Rosa amekufa. Wakaniuliza aliugua nini, nikasema presha. Wakauliza alizikwa wapi, nikasema kwao, siku ya mvua, gari likakwama kwenye matope. Watu walilia kwa lile gari! Wakaomba picha. Nikachukua ile aliyopigwa kwenye harusi ya binti yetu, anacheka, mwanya unaonekana, nikaiweka kwenye blogu yangu.

Nilijiambia haimdhuru. Rosa ana simu ya mulika mwizi, hasomi mambo ya mtandao. Na wale watu wako ndani ya simu. Nani atatoka ndani ya simu aje?

Walikuja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Rosa alikuwa ameniletea chakula kibandani kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya mashini ya mteja. Nikasikia sauti za watu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," Rosa akajibu, anapangusa benchi kwa leso. "Karibuni. Mmeleta mashini?"

"Hapana, mama. Sisi ni wasomaji wa mzee. Tumekuja kumtazama." Nikaijua sauti bila kuwahi kuisikia. Mama Tumaini! Alikuwa na akina mama wawili na mzee mmoja, wamebeba sukari, majani chai, unga na blanketi. "Na wewe ni nani wake?"

Rosa akacheka. "Mimi ndiye ninayemlisha. Mimi mke wake."

Wakatazamana. Halafu Mama Tumaini akamshika mkono kwa furaha. "Mungu ni mwema! Kumbe hakuachwa peke yake. Sisi tumekuja kwa ajili ya yule wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Marehemu. Rosa."

Nyundo za majirani zilikuwa zinagonga mabati. Wote wakageuka kunitazama pale chini.

Hapo, ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Nilidanganya, nisameheni." Wangenitukana, wangeondoka na sukari yao, na mimi ningebaki na mke wangu. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Huyu ni mdogo wake Rosa. Wazee wa kwao walikubaliana aje alee watoto."

Nilimkana! Amesimama na sufuria ya chakula changu mkononi, nikamkana!

Yule mzee akatoa simu, akaangalia picha, akamwangalia Rosa. "Ndiyo maana mnafanana hivi. Mpaka mwanya!"

Nilingoja animwagie ile sufuria. Alikuwa na haki. Rosa alinitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama shati akaona halishoneki tena. Akawageukia wageni.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ni mdogo wake. Dada yangu alikuwa mtu mzuri sana. Kaeni, niwapikie chai."

Akapika chai kwa sukari ya matanga yake. Akakaa nao kwenye benchi. Mama Tumaini akaomba Mungu aipokee roho ya Rosa, na Rosa akainamisha kichwa akasema amina kwa sauti kuliko wote.

Walipokwenda, akakusanya vikombe. Akanyoosha mkono kwangu.

"Shemeji, sahani."

Nikampa.

Jioni hiyo alihamisha nguo zake chumba cha pili. Nikasimama mlangoni, nikamwita kwa jina la kijana wetu. "Mama Fred, nisamehe."

"Mama Fred alikufa kwa presha. Si wewe uliandika?" Kumbe alikuwa ameshampigia binti yetu, akasomewa yote kwa simu, neno kwa neno. Mpaka lile gari kwenye matope.

Binti akanipigia analia. "Baba, nilikwambia uende na maneno ya maana. Sikukwambia umzike mama!"

Nikamwambia Rosa nitafuta kila kitu. Akasema, "Futa." Nikafuta picha, nikafuta nilichoandika kwangu. Halafu nikaenda kule kwingine, na hapo ndipo nilipojua nimejifungia wapi. Maoni uliyoyaacha kwa blogu ya mtu si yako tena! Ufunguo ni wake. Nilizunguka siku nzima kwa watu, na kila mahali Rosa amekufa, na chini yake watu wanampa pole mumewe. Nikamwandikia Mama Tumaini, nikamwomba afute, nikasingizia kwamba kukumbuka kunaniumiza. Akanijibu, "Usijifiche na uchungu, mzee. Tutakuombea." Akaweka linki yangu tena!

Rosa nikamwambia haiwezekani kufutika.

"Mimi sikukwambia ufute tu," akasema. "Uliniua mbele za watu. Nifufue mbele za watu. Palepale, kwa jina lako lilelile. Mpaka hapo mimi ni shemeji yako, na shemeji na shemeji hawalali chumba kimoja."

Ni jambo dogo, utasema. Mstari mmoja: "Mke wangu yu hai, nilidanganya." Nimeuandika mara nyingi, kidole kikafika pale pa kutuma, kikarudi. Kazi yote niliyo nayo sasa imekuja kwa ile linki. Mafundi wote wa njia ile watanicheka mpaka nife. Na kuna jambo baya zaidi. Wale wafiwa wamenifanya mzee wao. Mtu akifiwa, wananiita nimwandikie neno. Kuna kijana wa Mukuru aliyepoteza mke wakati wa kujifungua. Aliniandikia kwamba alikuwa ameanza kunywa pombe ya kujiua, akasoma habari za ile mashini ninayoipaka mafuta, akaacha. Sasa huyo nitamwambia nini? Kwamba ile mashini Rosa anaikanyaga kila siku?

Tunakutana Jumamosi kwa Mama Tumaini, wajane wote. Rosa hunipigia shati pasi. "Shemeji, usichelewe. Wajane wenzako wanakungoja." Natoka. Nikifika wananikumbatia, naketi, nasimulia. Nikirudi napata chakula kimefunikwa mezani na mlango wa chumba cha pili umefungwa. Watu wa mtaani hawajui kitu. Anawasalimia, anacheka nao, mwanya nje. Mimi tu ndiye anayejua kwamba nyumba hiyo ina matanga yasiyoisha.

Kwa nguvu zangu niliinuka kutoka Mathare. Hakuna mtu aliyewahi kunibana nikashindwa kutoka. Sasa nimebanwa na mstari mmoja niliouandika mwenyewe! Na usinitukane bado, maana naona unachofikiri: hata haya nimeyaleta hapa jina nimelificha. Kweli. Ninaungama kwako kwa sababu wewe hunijui. Wale wanaonijua bado wananipa pole.

Basi wewe mwenye blogu mpya, unayetafuta wasomaji, nisikie. Nenda kwa watu, ndiyo. Soma walichoandika mpaka mwisho. Acha neno lako la kweli, hata kama ni la mafuta na sindano, hata kama hakuna atakayelijibu. Fuata linki zao, usichoke. Lakini usibebe kifo kisicho chako ukaingia nacho kwa wafiwa. Na ukishakosa, ukapata nafasi ya kwanza ya kusema ukweli mbele ya wageni, usiipite! Ya pili inakuja na bei ambayo mtu mwenye kiburi kama mimi hawezi kuilipa.

Leo nina kibanda cha mabati chenye umeme. Nina mashini za kuuza na za akiba. Nina kiwanja Kamulu, kimezungushiwa ua. Nina nyumba ya vyumba viwili, kodi haijawahi kuchelewa. Nina watoto watano, wote wamesoma. Nina simu nzuri. Nina blogu yenye wasomaji. Nina blanketi jipya la wafiwa, ndilo ninalojifunika.

Mke sina. Nina shemeji, yuko chumba cha pili.