Syokau wa Kibwezi

Nilimchunguza mume wangu kwa miaka kumi na sita, na sitaki wajukuu wake walisikie jambo hilo kwa mtu mwingine. Watu wa Mwingi wamelisema kwa namna yao, na wa Kibwezi kwa namna yao. Mimi ndiye niliyekuwa mke wake. Nitaliandika lilivyokuwa.

Musembi Kivuva alinioa kanisani mwaka 1962, mimi nikiwa nimetoka chuo cha ualimu, yeye akiwa na shati moja jeupe alilolifua mwenyewe. Nduguye wa pekee, Mbuvi, alikuwa ameumwa na nyoka malishoni miaka mitatu kabla, akafa kijana asiye na mke. Mama yao aliitwa Syokau. Kwetu, mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babake mume, na binti wa kwanza kwa jina la mamake mume. Hivyo tukampata Kivuva, kisha Syokau, na mwisho Nzuki.

Mwaka 1968 Musembi alipata kazi Kiboko, si mbali na Kibwezi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kutunza mashamba ya majaribio ya mtama na mbaazi. Mimi nilibaki Mwingi na shule yangu. Alikuja kila mwisho wa mwezi, safari ya siku nzima, na hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja. Nzuki alipougua surua, alimbeba mgongoni maili tisa hadi hospitali, akakaa naye siku sita, akimpepea kwa kofia. Alipopata wajukuu alimpimia kila mmoja mstari wake wa mbaazi, akachomeka kibao cha bati chenye jina na tarehe ya kupanda, kama walivyofanya kazini. Mjukuu aliyezembea alipokea barua, kama hii ya yule aliyepewa jina langu: "Kwa Bi. Kavata Mdogo. Mstari wako namba nne una magugu. Eleza." Barua hizo wengine wanazo hadi leo.

Mtu kama huyo ni vigumu kumshuku. Mimi niliweza.

Ilianza na kiondo, mwaka 1980. Alikuja nacho kutoka Kiboko, kipya, cha mkonge uliopakwa rangi ya magome. Nikamuuliza ni cha nani.

"Ni chako."

"Aliyekisuka ni nani?"

"Mtu wa huko."

Mimi sikufunzwa kusuka. Nilipelekwa shule nikiwa mdogo. Lakini mama mkwe alikitwaa, akakigeuza, akakitazama kitako kwa muda. "Huyu anajua kusuka," akasema, akanirudishia. Nilidhani ananisimanga.

Agosti mwaka huo tulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa huko Kibwezi. Mwenyeji mmoja aliposikia jina la mume wangu alisema, "Kumbe ni wewe? Basi huku kuna Syokau mwingine, wa kwa Musembi." Akanionyesha msichana wa miaka tisa aliyekuwa akibeba maji ya wageni. Nilimtazama paji la uso, nikaliona la Musembi.

Jina halimwangukii mtoto hivi hivi. Syokau wa kwa Musembi alikuwa na maana moja tu: nyumba ya pili.

Sikumuuliza. Yeye alikuwa mzee wa kanisa na mimi mwalimu mkuu. Ningeuliza, angejibu, na jibu lingetoka nje ya mlango. Badala yake nilipekua mifuko. Nilinusa mashati. Nikiona kiraka ambacho si mkono wangu, nilikifumua nikakishona upya. Nilituma watu wawili Kibwezi kuuliza habari, kila mmoja bila ya mwenzake kujua, na wote walirudi na jina la mwanamke, Kalekye, mwenye binti na mwana. Mwana aliitwa Kivuva.

Mwezi mmoja alifika, akavua koti, akanipa mkononi. "Tafuta," akasema, "nikiwa bado nina nguvu za kusimama."

"Nataka kulifua."

"Lifue. Lina leso na mbegu."

Lilikuwa na leso na mbegu. Niliona hiyo ni dalili ya mtu aliyejitayarisha.

Alistaafu mwaka 1991, na Machi 1994 moyo wake ulisimama akiwa anapalilia. Siku moja kabla ya mazishi, alasiri, nilikuwa mezani uani nikiandika historia ya marehemu ya kusomwa kanisani. Mwanamke akaingia langoni na vijana wawili wakubwa.

"Pole na msiba, Mwalimu."

"Wewe ni nani?"

"Unanijua. Umeuliza habari zangu Kibwezi nzima, umebaki kuniuliza mimi."

Wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe waliweka nyungo chini.

"Unataka nini, Kalekye?"

"Kuzika. Na watoto hawa waandikwe hapo unapoandika."

"Waandikwe ni wa nani?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kigoda chake. "Mwache aketi, Mama Kivuva. Huyo nimemwoa mimi."

Nilijua maana yake. Ni desturi ya zamani: kijana akifa kabla ya kuoa, mamake anaweza kumtolea mbuzi wa mahari ya mke, na watoto wa mke huyo, hata wazaliwe na nani, wakawa wa marehemu, ili jina lisipotee.

"Nilimwolea Mbuvi wangu," mama mkwe akaendelea. "Nikamweka Kibwezi kwa ndugu zangu, nikamfundisha kusuka kama ninavyosuka. Kitako cha kile kiondo ni mkono wangu. Mwanamke mwingine yeyote angekiona."

"Kwa nini sikuambiwa, Mwaitu?" Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Wewe ndiye uliyetuambia tusikwambie. Ulisimama kanisani, mimi nimekaa benchi la mbele, ukasema kumwoza msichana kwa kaburi ni kumuuza. Ulisema kwa Kiswahili kizuri hata mchungaji akapiga makofi. Musembi akaniambia, jambo hili mke wangu tumfiche."

Nakumbuka hotuba hiyo. Niliitoa mwaka 1967, na hata sasa sijaikana.

Nilimvuta Kalekye kando, nyuma ya ghala. "Baba yao ni nani?"

"Mbuvi."

"Mbuvi alikufa mwaka 1959. Mimi hufundisha hesabu."

Akacheka kidogo. "Aliyenizalisha ni mtu wa Kibwezi, na hakuwa mumeo. Shemeji alikuwa akija Jumamosi kuangalia shamba na masomo ya watoto. Hakuingia ndani. Alikula nje, kwenye gogo karibu na njia, kila apitaye amwone. Hata mvua ikinyesha. Watoto wakimcheka kwamba ugali wake una mchuzi wa Mungu."

Nilimtazama binti yake, nikitafuta lile paji la uso nililoliona mwaka 1980. Safari hii sikuliona. Sijui kama halikuwapo, au sikutaka kuliona.

Asubuhi nilimpa mchungaji karatasi. Alisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Dada Kavata, hili liache. Watu watauliza."

"Nisipolisoma wataacha kuuliza?"

Nililisoma mwenyewe: "Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Ameacha pia watoto wawili wa nduguye Mbuvi, aliowatunza tangu kuzaliwa." Nyuma kabisa mtu akasema, "Mbuvi yupi, yule wa nyoka?" Wengine wakacheka. Nikausoma mstari ule mara ya pili, kwa sauti ninayotumia darasani.

Lakini kusoma si kuamini. Mwaka uliofuata nilikwenda Kibwezi nikauliza nyumba kwa nyumba, na mwaka 1996 nikarudi. Mara hiyo ya pili Kalekye alinikuta kwa jirani yake, mzee Mutiso.

"Mwalimu, bado unamchunguza marehemu?"

"Bado."

"Na wamekwambia nini?"

"Kwamba alikula nje. Wote, hata wasiokupenda."

"Sasa?"

"Shuleni, watoto wote wakiandika jibu moja, mwalimu hushuku wamenakiliana."

"Hata kama jibu ni sahihi?"

Mzee Mutiso akainamisha kichwa kuficha kicheko. Nilichukua mkoba wangu, nikawaaga. Nilipanda basi la kurudi Mwingi jioni hiyo, na tangu hapo sijamuuliza mtu yeyote habari za mume wangu.