Pengo la Tarumbeta

Usiku wetu wa jazi ulianza saa nane mchana. Jeshi la serikali lilikuwa limewaondoa waasi Uvira, na hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje giza likiingia. Lakini mtaani kwetu Kilibula mtu mzima hakucheza dansi mwangani. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, mwenye baa, alitundika mablanketi madirishani na kuwasha taa ya mafuta juu ya kaunta. Mimi, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, nilikaa mlangoni kuangalia barabara.

Mwaka wa uhuru bendi ilikuwa na wapigaji watano. Sasa walibaki wanne. Mpiga tarumbeta, mume wa dada, alipanda milimani, Lemera, kumwona mama yake mgonjwa, vita vikafunga njia nyuma yake. Mvua za msimu mzima zilikuwa zimepita tangu hapo. Tarumbeta aliiacha kwenye rafu, imefungwa kwa kitambaa, kati ya chupa.

Bendi haikubadilisha nyimbo. Zamu yake ikifika, magitaa yalinyamaza na ngoma ikashika mwendo peke yake mpaka zamu iishe. Watu waliendelea kucheza. Mwanzoni mlevi mmoja alizoea kusema kwa sauti, "Tarumbeta iko chooni, mungojee." Watu walicheka, hata dada. Baadaye mlevi aliacha mwenyewe.

Siku moja, kabla ya kuanza, mkuu wa bendi alikuja kwenye kaunta na mgeni aliyekimbia kutoka Bukavu. Mgeni huyo alifundishwa tarumbeta na mapadri. Chombo hakuwa nacho.

"Mama," mkuu wa bendi akasema, "huyu anajua kupuliza."

Dada aliendelea kupanga vikombe vya kasiksi. Bia ya chupa haikuvuka tena kutoka Bujumbura; tulikunywa pombe ya ndizi.

"Weye ndiye unasema amekufa?"

"Minye sijasema. Ninasema watu wanachoka kucheza na tundu."

"Basi wakae."

"Wakikaa wanalala, mama. Umewaona."

Mgeni akasema angeweza kurudi siku nyingine.

"Siku gani?" dada akamuuliza.

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimewauliza wote walioshuka milimani: wachuuzi, wauguzi, wafugaji wa Mulenge waliokuja na ng'ombe wao. Hakuna aliyemwona shemeji akiwa hai, hakuna aliyeuona mwili. Kila mara nilimpa dada habari kwa maneno hayo hayo. Siku ile sikuwa na mengine.

Akaishusha tarumbeta. Akaifungua kitambaa, akaipangusa mdomo kwa pindo la kikwembe alichojifunga, akamkabidhi mgeni.

"Ukimaliza, uirudishe hapa."

Mgeni aliingia katika wimbo wa pili. Alipiga safi, kama kanisani. Hakuivuta sauti kama shemeji alivyoivuta. Wachezaji walikosea hatua, maana miguu ilikwisha kuzoea pengo, kisha wakapata mwendo. Mlevi alipiga makofi. Dada alikuwa akikusanya vikombe. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu na sikuona kitu ambacho ningeweza kukisimulia.

Jua lilipokaribia milima tuliteremsha mablanketi, watu wakaenda makwao. Tarumbeta ilirudi kwenye rafu.

Asubuhi walikuja wanawake watatu wa mtaa, miguu mitupu, mmoja na unga, wengine na kuni. Hakuna aliyekuwa amewaambia lolote. Jana walikuwa kwenye nyua zao, na kutoka huko muziki wetu ulisikika wote, pengo likiwa limezibwa. Waliketi sakafuni kando ya ukuta, kama watu wanavyoketi kwenye msiba.

Nilisimama niwaeleze kwamba hatukupata habari yoyote. Dada alinipita. Alisogeza viti vya wapigaji, akatandika mkeka. Kisha akafungua kitambaa cha kichwani, akaketi kati yao.