Tuta Langu Tupu Pale Silanga

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, harufu ya umande na ya mboga za sukuma zilizokatwa. Nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu na akili fupi. Usicheke, hata wewe unaelekea huko huko.

Muungano wetu wa wakulima wadogo ulilima Silanga, kando ya bwawa, kila mtu na tuta lake. Tajiri mmoja aliitaka ile ardhi ajenge maghala, akadai pale ni jaa tu, hakuna anayelima. Wakaguzi wakasema watakuja wajionee. Mama Nafula, mwenyekiti wetu, akatuonya: "Hakuna kuvuna hata jani. Shamba lijitetee lenyewe."

Mimi? Woga ukanishika. Wakileta tingatinga kulifyeka shamba, nitabaki na nini? Alfajiri nikang'oa yote, sukuma na kunde, nikaenda kuuza sokoni Kawangware. Nikajiona mjanja kweli!

Kurudi, nakuta wakaguzi wamefika. Na tajiri amesimama wapi? Kwenye tuta langu. "Si niliwaambia? Ardhi imelala tu hii." Lo! Nilitamani udongo unimeze.

Nikangoja Mama Nafula anitukane. Wapi! Aling'oa mche wa managu, ile mboga yetu ya kienyeji, kwenye tuta lake, na udongo wake, akaja akaupanda kwangu mbele ya wale wakubwa. "Huyu ni wetu," akasema. Wenzangu wakafuata, kila mtu na mche wake, hata Mzee Otieno na mgongo wake mbovu. Nililia, mwanangu, tena bila haya. Mkaguzi mkubwa alitazama tuta likijaa, kisha akamwambia tajiri, "Hapa pana wakulima." Tukabaki.

Jioni Mama Nafula akaniita. "Sote tuliogopa. Kosa lako ni kwamba uliogopa peke yako." Hakulitaja tena mpaka tulipomzika. Mama yule, watu kama yeye hawazaliwi kila msimu.

Sasa nasikia kuna mwingine anaitaka ardhi yetu, na wewe nimekuona unanoa kisu cha kuvunia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiogopa, njoo uogopee hapa, kwenye mkutano, tukusikie. Usivune kabla ya wenzako. Na mwenzako akiteleza, mpelekee mche kabla hujampelekea maneno.

Mungu akupe mkono wa kupanda, mwanangu, na siku utakapokosea, akupe watu wa kukujazia tuta.