Wanawake Wawili, Mstari Mmoja

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na huandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Kwenye kompyuta ni nafuu kidogo, lakini haya nimeona niyaandike kwa mkono.

Kazi yangu ni kuchapa. Nipo kwenye chumba kimoja cha duka hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka lango la mpaka. Nachapa barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na orodha za vikundi. Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Iliharibika, na fundi mmoja wa simu wa upande wa Kenya akaifufua, ila haikurudi na vile vidirisha vya kubofya. Ilirudi na skrini nyeusi na kimstari kinachopepesa. Kila kitu unaiambia kwa maneno. Fundi alinifundisha maneno kama kumi hivi. Huwa ananiambia nachapa kama kuku anayedonoa mtama punje mojamoja. Simjibu. Mimi si mtu wa kujibu.

Neno nililolipenda ni sort. Unalipatia jina la faili, nalo linapanga mistari yote, A juu, Z chini, kabla hujaondoa kidole. Mwanzoni nilipanga vitu visivyo na kazi: majina ya vijiji, aina za samaki wanaoletwa kutoka Majanji, nyimbo za kanisani. Siku niliyojaribu namba, kumi ilikaa juu ya mbili. Nilidhani nimeharibu mashine. Fundi akasema haijaharibika, inatazama alama mojamoja kuanzia ya kwanza, haijui kuwa hizi ni namba mpaka uiambie.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, tulisikia kwamba madaktari wa macho watakuja Tororo kwa siku tatu kutoa mtoto wa jicho. Kukhu, yaani bibi yangu mzaa mama, aliyenilea karibu na Masafu, alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake.

Katekista wetu alikuja dukani na orodha mbili za wagonjwa. Moja iliandikwa kanisani baada ya misa, nyingine sokoni. Watu walikuwa walewale. Sisi wa mpakani tukiona mtu ana kalamu na karatasi tunapanga foleni kwanza, tunauliza baadaye. Na ukiandikwa mara moja bado hujaandikwa, kwa maana karatasi huweza kulowa. Katekista akaniagiza niziunganishe na kuondoa marudio, kwa sababu mtu akitokea mara mbili atakuwa amemnyima mwenzake kitanda.

Nilichapa kwa siku mbili. Kila mstari ulikuwa na jina la ubatizo, jina la asili, kijiji, na simu ya mkubwa wa kigango, kwa kuwa wazee wengi hawana simu. Kisha nikaandika sort, na mbele yake -u. Alama hiyo huambia mashine kwamba mistari inayofanana kabisa ibaki mmoja. Orodha ikapungua karibu nusu. Nilitafuta jina la kukhu, nikalikuta. Nikachapisha.

Kwetu Wasamia mtoto hupewa jina la marehemu. Zamani alipokufa mama mmoja mkubwa wa ukoo, wasichana wawili walizaliwa msimu uleule kwa wanawe wawili, na wote wakapewa jina lake, maana hakuna nyumba iliyotaka kumwacha nje. Wakabatizwa siku moja, padri akawapa mtakatifu mmoja. Baadaye wakaolewa kijiji kimoja. Mmoja ni kukhu wangu. Mwingine ni binamu yake, anaishi ng'ambo ya shamba la mihogo. Nyumbani hakuna anayewachanganya. Nyumba zao ziko kwenye mteremko, kwa hiyo kukhu tunamwita wa juu na binamu yake wa chini. Nimekua nikiwaita hivyo. Sikuwahi kufikiria kuwa wana jina moja.

Wa chini naye alikuwa na mtoto wa jicho, wakaenda Tororo pamoja, kwenye lori la parokia. Mimi nilikwenda kumshika kukhu mkono. Barazani nesi alikuwa na karatasi yangu. Aliposoma lile jina, wote wawili wakasimama.

"Nimeita mmoja," nesi akasema.

"Ndiye sisi," wa chini akajibu, na watu wakacheka.

Nesi akapekua karatasi mbele na nyuma. Jina moja, kitanda kimoja. Akasema lenzi za kuweka ndani ya jicho zimeletwa kwa hesabu ya orodha. Akauliza nani aliitengeneza. Katekista akasema ni kompyuta. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mfuko wa kukhu, wenye kanga na chupa ya uji. Kama ningesema ni mimi, nimekosea, hawa ni watu wawili waliojiandikisha, huenda wangetafuta lenzi nyingine. Huenda wasingetafuta. Maneno yalikuwa mdomoni. Sikuyatoa.

Kukhu ndiye aliyesema. "Nenda wewe. Wewe bado unalima. Mimi hata nikiona nitaona nini, hawa wajukuu wachafu?"

"Wa juu, wewe huoni hata kijiko."

"Kijiko nakijua kwa mkono."

Akakaa chini, akaomba uji wake. Wa chini akabaki amesimama kidogo, kisha nesi akamshika bega wakaingia.

Kesho yake nilirudi dukani. Nikaziunganisha tena zile orodha mbili, nikazipanga, safari hii nikaiambia mashine inihesabie kila mstari umetokea mara ngapi. Wengi walikuwa na mbili. Wachache moja. Mstari wao ulikuwa na nne. Haikuchukua muda hata kidogo. Kama ningeuliza hivyo kabla, ningeiona ile nne na ningejua. Niliitazama. Mteja akaingia, anataka ratiba ya mazishi ya shemeji yake. Nikamchapia.

Jumapili nilimweleza kukhu. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole, mawe anayatupa mlangoni.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniondoa," akasema.

"Ndiyo, kukhu."

Akaendelea na maharage. Nilingoja anigombeze.

"Afadhali hukutuondoa wote wawili," akasema, akanipa ungo nimalizie.

Wa chini anaona vizuri sasa kwa jicho lile. Kila asubuhi hupanda mteremko, humtungia kukhu uzi kwenye sindano na kumwambia mihogo ya nani imeliwa na nguruwe. Kukhu hauoni tena mwanga wa mlangoni. Nilimuuliza katekista madaktari watarudi lini, akasema hajaambiwa. Hakuniuliza kitu kuhusu orodha, na mimi bado sijamwambia. Siku hizi kila orodha ninayochapa naweka pia jina ambalo mtu huitwa nyumbani. Wateja huuliza la nini. Nasema ndivyo mashine inavyotaka.

Ninyi mnaosoma haya, wengine mko mbali, mnasikia habari ambazo huku hazifiki. Mkisikia madaktari wa macho wanakuja popote, Busia, Tororo, Mbale, au upande wa Kenya, niandikieni tafadhali. Mpeni barua aliyewapa maandishi haya, anajua nilipo. Niambieni siku, mahali, na watu wanaandikishwa wapi. Nitampeleka mwenyewe, na jina lake nitalisema mimi.