Eulogy ya dada yangu ilivyokataa kukua kwa cyber, hapa Mutomo

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mzee wa Mutomo, shule niliionja tu, kwa hivyo nikizunguka mnivumilie. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Dada yangu Kalunde alitutoka juzi.

Ndiye alinifundisha kusoma. Tukienda kuchota maji mtoni, anachukua kijiti anaandika A kwa mchanga, kubwa kama mbuzi amelala. Nikikosea ananirushia mchanga.

So nikasema eulogy, ile hadithi ya maisha yake, nitasoma mimi.

Kijana wake Mutua akacheka. "Mjomba, na macho hayo? Utasoma mpaka pastor asinzie."

"Niandikiwe kubwa, utaona."

"Sawa. Ikitoka kubwa, soma. Ikitoka ndogo, unanipatia mimi."

Tukakubaliana hivyo.

Programu ya mazishi, na eulogy ndani yake, ilichapwa na dada yake Mutua, Mwende, anakaa mji wa Wote huko Makueni. Akatuma kwa simu. Asubuhi ya mazishi nikaingia cyber ya Mama Ndinda, pale pa kompyuta na kuchapisha karatasi, Mutua nyuma yangu anachezesha funguo za gari. Watu walikuwa wameshaanza kufika nyumbani.

Mama Ndinda akasema hiyo ni kazi kidogo, anabadilisha staili ya maandishi yote mara moja. Akabonyeza.

Nyimbo zikakua. Maombi yakakua. Hadithi ya Kalunde ikabaki kama sisimizi.

Na ajabu ni hii: sura ya herufi ilibadilika kama kwingine kote. Saizi ndiyo ilikataa.

Mutua akanyoosha mkono. "Mjomba, leta tu."

Ngoja niseme kitu kando. Baba yetu alikuwa anachoma mbuzi wote alama ya ukoo. Mbuzi akipewa mtu, anakatwa sikio kwa alama ya huyo mtu. Mkibishana ni wa nani, mnaangalia sikio kwanza. Sikio likiwa zima, ndio mnarudi kwa alama ya ukoo. Mtaona kwa nini nimewaleta kwa mbuzi.

Mama Ndinda akafungua faili kwa ndani. Wakuu, kumbe ndani ya document kuna XML! Maneno yamefungwa kwa vimabano, kila kipande na amri zake.

"Mzee, ona," akaniambia. "Hapa saizi imewekwa kwa maneno yenyewe. Mimi nimegusa staili ya paragrafu. Kompyuta inauliza maneno kwanza, mna saizi yenu? Yakiwa nayo, imeisha. Yakikosa, inauliza staili. Staili ikikosa, inachukua ile ya document yote."

"Na mbona sura imebadilika?"

"Kwa sura, maneno hayakuwa na amri yao. Kila kitu kinaulizwa peke yake."

"Kwa hivyo hawa wamekatwa sikio," nikasema.

Yeye pia ni Mkamba, amekulia kati ya mbuzi. Alicheka mpaka akashika meza. "Wamekatwa, mzee!"

Nikampigia Mwende. "Aki mjomba, nilipunguza hapo kwa mkono ndio iingie page moja!"

Nikauliza Mama Ndinda, si uongeze tu kwa mkono pia? Akasema inawezekana, lakini hiyo ni kukata sikio mara ya pili; siku nyingine ukibadilisha staili, yatakataa tena. Akaondoa ile saizi peke yake. Majina yaliyokolezwa wino akayaacha.

Herufi zikaruka juu! Wakuu, nilipumua kama mtu ametua mtungi.

Mutua akachukua karatasi ya kwanza ikiwa bado moto. "Mjomba, hii ni eulogy ama signboard?"

"Ni signboard. Utanipatia ama hutanipatia?"

Akanipatia.

Nilisoma yote, bila miwani. Nilikwama mahali pamoja tu, pale pa mchanga wa mto, na hapo macho hayakuwa na makosa. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi. Mutua akaja akasimama kando yangu, akanishikia mpaka mwisho.

Nilichojifunza: ukibadilisha staili na kitu kikakataa, usigombane na staili. Tafuta ile amri iliyo karibu zaidi na maneno, uiondoe.

Nyinyi mnaojua kompyuta, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe, nani alikuandikia A ya kwanza? Niambie hapo chini, nitasoma pole pole. Lakini andika kubwa.