Mbuzi wa Mama Walioshuka Bondeni

Ukikutana na kaka yangu leo atakuambia kwamba Ujamaa ndio ulioua mbuzi wa mama yetu. Anaisimulia vizuri hadithi hiyo, na wasikilizaji humpa pole. Mimi nilikuwepo, na nimechoka kuisikia.

Tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya upande wa Muze, chini bondeni, lori lilibeba watu, magunia na masufuria. Mifugo itembee yenyewe. Mama alitangulia na lori siku moja kabla yetu. Baba alikwisha kufariki, na mbuzi tisa aliowaacha ndiyo mali pekee ambayo mama aliweza kuiita yake. Wawili kati yao walikuwa na mimba kubwa. Akiwa tayari amepanda juu ya mizigo, alituinamia mimi na kaka.

"Wanangu, tokeni alfajiri. Kule chini jua ni kali."

Sasa, sisi watu wa juu tuna desturi yetu. Mbuzi hafunguliwi mpaka umande ukauke, maana akila majani yenye umande hukohoa na kuharisha. Kwa nchi ya baridi kama Ufipa ni desturi nzuri. Lakini ulikuwa mwezi wa kumi, nyasi zimekauka kabisa, na umande haukuwepo hata wa kulowesha kidole. Kaka akang'ang'ania.

"Baba hakufungua zizi kabla ya jua hata siku moja," alisema.

Ningeweza kubisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo wangu ulikuwa mzima. Badala yake nilikoroga uji wa ulezi, tukanywa taratibu, tukisubiri umande usiokuwepo ukauke.

Tulianza kuteremka bondeni jua likiwa utosini. Njia ni ya mawe matupu, na kila ukishuka joto linaongezeka. Katikati ya mteremko mbuzi walianza kuhema vinywa wazi, ndimi nje, ute ukiwaning'inia. Kila penye jiwe kubwa walisukumana kugombea kivuli. Mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akipanda na mzigo wake alisimama kuwatazama.

"Ndugu yangu, hao wamezidiwa na joto. Wapumzishe mpaka jua lipoe."

"Mbuzi ni mnyama wa kutembea," kaka akamjibu, bila hata kusimama.

Aliona kule kuhema ni ukaidi. Akawacharaza migongoni ili wakimbie, tufike mapema. Nami nilikuwa nyuma na fimbo yangu, nikicharaza vilevile. Kwa hilo najichukia mpaka leo. Mmoja wa wale wenye mimba aliyumba, akakunja miguu ya mbele, akalala. Nilimshika sikio, lilikuwa la moto. Kaka alimpiga mara mbili zaidi kabla hajaelewa kwamba anapiga mzoga.

Wanne walibaki mteremkoni. Watano walifika, na yule wa pili mwenye mimba, mimba yake iliharibika kesho yake asubuhi.

Mama alikuwa amesimama kando ya kiwanja tulichopewa. Aliwahesabu kwa macho, akarudia tena. Kaka hakungoja aulizwe.

"Mgambo wanaohamisha watu, mama. Walitufuata tangu kule juu na fimbo. Kila tukitaka kupumzika, wanawapiga mbuzi."

Hatukuwa tumeona mgambo hata mmoja siku ile. Mama akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa simdanganyi.

"Ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

Aliwapa mbuzi kisogo. Alinisogelea, akanigeuza, akaishusha khanga yangu begani na kuanza kunipapasa mgongo kwa viganja vyake, polepole, akitafuta mahali waliponipiga mimi.